Tulipu za Gavril Hazijatubu

Jumapili, tarehe 9 Aprili. Asubuhi ilianza na theluji ya majimaji, ile ambayo haijaamua kama ni theluji au mvua. Iliyaangukia maua ya miti ya plamu, ikayapukutisha na kuyabandika kwenye tope. Kengele ya kanisa ilipolia, theluji ikakoma. Jua halikutoka, lakini mawingu yalijivuta juu kidogo nikauona mlima wetu, kilele cheupe na miguu ya kijani.

Niliwasha mshumaa mbele ya picha ya Mama wa Mungu, nikapiga ishara ya msalaba, nikasema maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa siku kadhaa.

"Bwana, Gideoni alikutandazia ngozi ya kondoo ili ajue mapenzi yako. Mimi sina ngozi. Nitatandika meza. Leo akija mtu hata mmoja, nitabaki hapa. Asipokuja mtu, jioni nitampigia Ognyan nimwambie aiuze nyumba."

Hapa kijijini kwetu, Gorna Breza, Jumapili ya Matawi tunaiita Siku ya Maua, na kila mwenye jina la ua huadhimisha jina lake. Mimi ni Temenuga. Ni jina la urujuani, ua dogo la zambarau linalojificha chini ya majani yake na kunukia kuliko ukubwa wake. Siku ya jina si kama siku ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa unaalika watu. Siku ya jina hualiki mtu. Unapika, unatandika, unafungua geti, unakaa. Anayekukumbuka anakuja. Asiyekuja huwezi kumlaumu wala kumuuliza, maana umeshajibiwa.

Ognyan ni mwanangu wa pekee. Anaishi Valencia, Hispania, na mkewe Ines. Tangu baba yake, Gavril, afariki Februari ya mwaka jana, hachoki kunisihi nihamie kwake. Sasa amepata mnunuzi, daktari wa meno kutoka mji wa Plovdiv anayetaka nyumba ya kupumzikia mwisho wa wiki. Alikuja, nikampitisha mlango wa nyuma, akatazama, akasifu hewa, kisha akaniuliza kwa adabu kama ua wa mbele ya nyumba unaweza kumwagwa zege, apate mahali pa kuegesha gari. Ua wa mbele ndiko yaliko maua ya Gavril, zile tulipu zake. Daktari anataka jibu kesho.

Mwaka wa msiba ulitimia Februari hii. Tulichemsha ngano tukaigawa makaburini, padri akasoma majina ya marehemu. Siku ile ile niliufungua utepe mweusi uliokuwa kwenye mlango wa nyumba, nikaukunja, nikauweka nyuma ya picha takatifu. Nilidhani nimemaliza.

Ilinibidi niende kanisani. Geti la mbele, la barabarani, sijalipita tangu lilipopita jeneza. Ni geti la bati, refu kuliko mtu, ukiwa ndani huoni nje na ukiwa nje huoni ndani. Nimezoea mlango mdogo wa nyuma, unaokatiza kwenye miti ya plamu na kutokea karibu na kanisa na duka. Asubuhi hiyo nililifikia geti kwa ndani tu, nikalivuta komeo lililoshika kutu, ili mgeni asukume aingie bila kugonga. Kisha nikavaa koti langu jeusi la baridi na kilemba cheusi, nikapita nyuma kama kawaida.

Padri alibariki matawi ya mierebi, tukasukumana kuyachukua kama watoto. Tsvetana, mwenye duka, naye jina lake linatokana na maua, na watu walimzunguka.

"Tsvetana, leo tunakuja kukumalizia divai!"

"Njooni, njooni! Lakini wewe Stoimen uje umeshakula. Mwaka jana ulinilia mpaka kitambaa cha meza."

Stoimen ni jirani yangu wa uzio mmoja, mume wa shoga yangu Rusana. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniona. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha macho. "Mungu akutie nguvu, shemeji," akasema. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Mungu akutie nguvu, Temenuga. Mungu akutie nguvu. Hakuna hata mmoja aliyenitajia jina langu kama linavyotajwa siku hiyo, kwamba niishi na kunukia kama ua langu. Nilirudi na tawi langu la mwerebi, nikalichomeka juu ya mlango wa nyumba. Moyoni nikasema, Bwana, wamesahau.

Lakini nilipika. Siku hiyo Kwaresima inaturuhusu samaki, nami nilikuwa na samaki mkubwa wa bwawani, nikamjaza mchele, vitunguu na nanaa, nikamwingiza kwenye oveni pamoja na kichwa chake. Nilitoa divai ya Gavril na rakia yake ya plamu, ile pombe kali inayofanya wanaume waseme ukweli. Nilivua nguo nyeusi nikavaa gauni langu la bluu. Nilitandika sahani za sherehe mpaka meza ikajaa, ila kiti cha dirishani, kiti cha Gavril, sikukiwekea kitu.

Halafu nikashuka ngazi nikainama chini yake, mahali urujuani hupenda kuota. Kila majira ya kuchipua Gavril alikuwa akinichumia ule wa kwanza, akiuweka kwenye kikombe kidogo cha rakia, akiuleta kitandani bila kusema kitu, maana asubuhi hakuwa mtu wa maneno. Nikachuma mwenyewe. Magoti yalinisumbua kuinuka. Nikaweka kikombe katikati ya meza, nikakaa.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Ognyan.

"Mama! Uishi, mama, unukie kama jina lako! Wageni wamefika?"

"Bado mapema."

"Mapema? Kwenu ni saa saba hiyo. Zamani saa saba baba alikuwa ameshaanza kuimba."

"Baba yako alikuwa anaanza kuimba asubuhi, akiwa bado ananyoa ndevu."

Akacheka. Kisha sauti yake ikashuka. "Mama, mimi sitaki kukulazimisha. Lakini unakaa peke yako. Theluji inaanguka Aprili. Huku michungwa imechanua, mtaa mzima unanukia, Ines anasema mwambie mama mto wake bado uko kitandani."

"Mwambie asante. Jioni nitakupigia."

"Na jibu?"

"Na jibu."

Niliyaona maua ya michungwa ya Valencia mwaka jana, siku kama hii. Nilikuwa na msiba, siku ya jina haikuwepo, Ognyan akanitumia tiketi. Sijawahi kunusa kitu kama kile. Maua meupe, madogo, ya kawaida kabisa kwa macho, lakini jioni harufu inashuka barabarani kama mtu anayekuja kukukumbatia. Nilisimama chini ya mti mmoja karibu na kituo cha basi. Nikageuka kulia kumwambia mtu, tazama. Upande wa kulia alikuwepo kijana na simu yake. Nikasubiri basi.

Mimi na Gavril tulikuwa tumezoea kwenda. Alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote akiwapeleka watu wengine, na alipostaafu akasema sasa ni zamu yetu. Kila majira ya kuchipua tulipanda basi la wastaafu. Mwaka mmoja tulikwenda Ugiriki, milima yote ilikuwa myekundu kwa maua ya porini, tukala mikate yetu tumeketi juu ya jiwe, na Gavril akasema Mungu alipomaliza kuumba maua rangi nyekundu ilibaki nyingi, akaimwaga hapa. Mwaka mwingine tukaenda Uholanzi.

Pale Uholanzi, basi liliposimama kando ya shamba la tulipu, wanawake wote walipiga kelele. Gavril hakupiga kelele. Alishuka, akavua kofia yake kama mtu anayeingia kanisani, akaishika kifuani, akasema, "Tazama, Temenuga. Tazama wewe." Hilo tu. Mistari ya rangi ilikwenda mpaka mbingu inapoanzia. Baadaye, kwenye kibanda cha muuzaji, akanunua mfuko wa tulipu nyeusi za kupanda, mizizi yake mviringo kama vitunguu. Picha kwenye mfuko ilikuwa nyeusi kama divai gizani. Wote ndani ya basi walimwonea wivu.

Tulizipanda mbele ya nyumba vuli ile. Aprili zikachanua njano. Njano kama viini vya mayai. Stoimen alisimama ukingoni mwa bustani akashika mbavu. "Gavril, wamekuuzia vifaranga!"

"Subiri," Gavril akamjibu. "Zimefika nchi ya wageni, zimeshtuka. Mwakani zitatubu."

Mwakani zikawa njano. Na mwaka uliofuata. Ikawa desturi yetu. Kila Aprili, chipukizi zikiwa bado za kijani, zimefunga midomo, Gavril alizipitia moja moja akiinama na kuuliza, "Je, mwaka huu mmetubu?" Nami nilikuwa dirishani nikisubiri atoe habari. Akiona ufa wa kwanza wa rangi alinipungia kofia. "Njano!" alipiga kelele, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko kama zingekuwa nyeusi.

Saa zikaenda. Kutoka kwa Tsvetana, nyumba ya ng'ambo ya barabara, nilisikia kinanda cha mkono na vicheko. Mara mbili au tatu nikasikia hatua zinakuja upande wangu. Hatua zikafika mbele ya geti langu, zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Mtu akanong'ona. Mwingine akajibu kwa kunong'ona. Kisha hatua zikaondoka. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga kelele, ingieni, komeo liko wazi. Lakini siku ya jina hualiki mtu.

Nikatoka uani ili nisisikie. Hewa ilikuwa imetulia, baridi yenye harufu ya udongo uliolowa. Nikazipitia tulipu. Sikutaka kuuliza swali la Gavril kwa sauti. Theluji ilikuwa imeziinamisha, lakini moja, karibu na ukuta wa nyumba, ilikuwa imejifungua ufa mdogo ubavuni. Nikapiga magoti kwenye tope na gauni langu la bluu, nikatazama.

"Njano, Gavril," nikasema.

Dirishani hapakuwa na mtu. Nililitazama muda mrefu, sijui kwa nini.

Mwanga ulipoanza kupungua nikarudi ndani kuondoa sahani. Samaki alikuwa amepoa, ngozi yake imekunjamana. Nikaona kichwa hakipo. Kitambaa cha meza kilikuwa na mchirizi wa mafuta kuelekea ukingoni, na nyayo. "Sultani!" nikamwita paka wetu, mnene, wa rangi ya majivu, asiye na aibu yoyote. Hakuitika. Hata yeye ameondoka na fungu lake, nikasema. Nikakaa, nikachukua simu, nikatafuta jina la Ognyan. Nikasali kwanza. "Bwana, nimesikia. Asante kwa kunijibu waziwazi. Nisaidie sauti yangu isitetemeke."

Kidole kilikuwa juu ya jina lake nilipoisikia sauti nje, upande wa nyuma.

"Temenuga! Shoga! Upo? Njoo umchukue jambazi wako!"

Ilikuwa sauti ya Rusana. Ukizaliwa Gorna Breza unaijua sauti ya Rusana kabla ya sauti ya mama yako. Nilitoka. Alikuwa amesimama kwenye mlango mdogo wa nyuma, Sultani amembana chini ya kwapa kama mkoba, na mkono mwingine ameshika kichwa cha samaki, amekishika kwa vidole viwili, mbali na blauzi yake ya sherehe.

"Nimetoka kwa Tsvetana mara moja kufungia kuku. Huyu hapa ananipita kwenye tundu la uzio, kichwa kizima mdomoni, anatembea kama analeta posa. Nikajiuliza, samaki wa nani? Nikanusa. Vitunguu, mchele, nanaa. Nikasema huo mkono ni wa Temenuga." Akanitazama gauni, akaona tope magotini. "Umempikia nani, shoga?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Leo si siku ya jina langu?"

Rusana akafunga mdomo. Jambo hilo halitokei mara nyingi. "Wewe si una msiba?" akasema taratibu.

"Mwaka ulitimia Februari. Ulikula ngano makaburini, ukaomba tena sahani ya pili."

"Nilikula, sikatai. Lakini utepe, Temenuga."

"Niliutoa mlangoni siku ile ile."

"Wa mlangoni! Na wa getini?"

Nilimtazama bila kuelewa.

"Geti la mbele," akasema. "Utepe uko getini. Na karatasi ya msiba, na picha ya Gavril. Stoimen aliipigilia yeye mwenyewe siku ya mazishi. Iko pale mpaka leo. Bibi we, hujaiona?"

"Sipiti kule."

"Hupiti kule," akarudia. Akamwachia Sultani, akakiachia na kichwa cha samaki, na paka akaona amerudishiwa haki yake. "Ee Mungu wangu, hapiti kule! Na sisi tunasema Temenuga ameamua kuomboleza mwaka wa pili. Wengine huomboleza mpaka kufa, tutafanyaje? Mchana tumesimama getini, mimi na Stoimen, na chupa mkononi. Nikamwambia tugonge. Akasema, mwanamke, hugongi geti lenye utepe mweusi ukiwa na chupa ya kusherehekea, ni kumtukana marehemu. Tukaenda zetu. Nimekaa kwa Tsvetana mchana kutwa, chakula hakipiti."

"Nilisikia hatua zenu," nikasema.

Alinishika mkono, mkono wake unanuka samaki, akanivuta kupita ua wa mbele, kando ya tulipu, mpaka kwenye geti. Komeo lilikuwa wazi lakini bawaba zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tukasukuma kwa mabega, sisi wazee wawili, mpaka geti likalia kama ng'ombe na kufunguka.

Utepe ulikuwa umepauka, haukuwa mweusi tena, ulikuwa na rangi ya kahawa iliyomwagika. Chini yake ile karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki. Maji yalikuwa yameingia. Jina lake lilikuwa limetiririka, uso wake pia. Kilichobaki kwenye picha ni masharubu na kofia, ile kofia aliyoivua Uholanzi.

Nilisimama barabarani. Mwaka mzima na zaidi alikuwa hapa nje, kwenye jua na theluji, akiwarudisha wageni wangu mmoja mmoja, na mimi ndani nikimtafuta dirishani.

"Toa wewe," nikamwambia Rusana.

"Mimi? Siugusi. Anayeufungua ni mwenye msiba, unajua vizuri."

Najua vizuri. Ng'ambo kinanda kilikuwa kimenyamaza. Watu walikuwa wametoka kwenye baraza ya Tsvetana, wamesimama na bilauri zao, wakinitazama. Nikafikiri, nikiuacha hapa, watarudi ndani na kuniheshimu. Kesho daktari ataleta watu wake wa zege, na Gavril atabaki mlinzi wa geti mpaka watakapoling'oa. Nisingehitaji kutoa uamuzi wowote. Nilikuwa nimemwomba Mungu mgeni, sikumwomba hili.

Nikauvuta. Hautoki. Misumari ilikuwa imezama.

"Stoimen!" Rusana akapaza sauti kuelekea ng'ambo. "Njoo na koleo! Umepigilia kama unajenga daraja!"

"Kazi nikifanya, nafanya!" Stoimen akajibu, akija mbio na koleo la Tsvetana.

"Ndiyo kazi yako ya pekee iliyowahi kudumu. Mlango wa choo chetu unaanguka tangu harusi."

Watu wakacheka kidogo, kwa hofu, wakinitazama kama wanaruhusiwa. Stoimen akanipa koleo, hakuthubutu kung'oa mwenyewe. Nikang'oa. Utepe ukaniangukia mkononi, mwepesi, hauna uzito wowote. Karatasi niliikunja polepole ili kofia isipate mkunjo. Vyote viwili nikavitia mfukoni mwa gauni.

"Shemeji," Stoimen akasema, "nisamehe. Nilijiambia, Temenuga hajautoa, basi hajawa tayari."

"Sikuwa tayari," nikasema. "Hilo hukukosea."

Nikamwambia Rusana, kwa sauti ya chini, juu ya nadhiri yangu ya asubuhi. Nikamwambia sijui kama anahesabika, kwa sababu hakuja kama mgeni, alikuja kurudisha paka.

Akafikiri, mikono kiunoni. "Mungu alimtuma punda kwa Balaamu, tena punda akapiga domo. Paka wako amefanya kazi kimya kimya. Nahesabika. Haya, tupishe tuingie, samaki anazidi kupoa."

Wakaingia. Waliingia wote, kwa geti la mbele, kama mafuriko. Tsvetana alikuwa na sinia la mkate wa malenge kichwani, akinilaumu njia nzima. "Mwizi we! Umeninyang'anya wageni wote, na mpiga kinanda pia! Uishi, shoga, unukie kama jina lako!" Akanibusu mashavu mawili, akalia kidogo, akafuta macho kwa kitambaa cha sinia. Wanaume walimimina rakia ya Gavril. Baada ya bilauri ya kwanza Stoimen akasema ukweli, kwamba mlango wa choo ni kweli unaanguka.

Samaki alikuwa baridi na hana kichwa, wakamla, wakamsifu. Nyumba ilijaa sauti. Stoimen alitaka kukaa kiti cha dirishani, akaona, akageuza mwendo kama aliyekumbuka jambo, akakaa juu ya kasha la kuni. Nami katikati ya kelele ile nilijikuta nina habari moja tu ya kumpa mtu mmoja tu, nayo nilikuwa nimeshaitoa mchana kwa dirisha tupu.

Rusana alikuwa anachungulia uani. "Zile ndizo nyeusi za Uholanzi?"

"Ndizo."

"Zimetubu?"

Sikujua kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa akiuliza. "Moja imefunguka kidogo," nikasema. "Njano."

"Njano!" Rusana akawapigia kelele wote, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Aliniegemea bega. "Mimi sijawahi kuvuka mpaka, unajua? Gavril alikuwa ananisimulia pale kwenye uzio. Mlima mwekundu, shamba lisilo na mwisho. Nikienda kufunga kuku nilikuwa naviona vyote."

Simu ikalia mezani, kando ya kikombe cha urujuani. Alikuwa Ognyan, maana sikuwa nimempigia kama nilivyoahidi. Rusana, ambaye ananifundisha simu kila siku bila kuombwa, akabonyeza sauti itoke nje.

"Mama? Kuna nini, mbona kelele? Uko salama?"

"Niko salama. Wageni wamefika."

Nilimsikia akimwambia Ines kitu kwa Kihispania. "Wengi?"

"Wote," Tsvetana akaingilia. "Na mama yako ni mwizi!"

"Mama," akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu na kwamba anaogopa. "Yule daktari anasubiri mpaka kesho. Nimwambie nini?"

Mpiga kinanda alikishika kinanda chake kisipumue. Niliweka mkono mfukoni, nikaugusa utepe na karatasi. Nilikitazama kiti cha dirishani, halafu nikawatazama wao, nyuso zilizokuwa nyekundu kwa rakia na kwa aibu, nikapiga ishara ya msalaba ili maneno yangu yasiwe ya mchezo.

"Mwambie hapana," nikasema. "Na nyinyi wote mnisikie, muwe mashahidi wangu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Mwakani, Mungu akinipa uzima, nitakuja kwako, mwanangu, michungwa itakapoanza kuchanua, nami nitakuja na Rusana, ili nikigeuka kulia nikasema tazama, awepo mtu. Tutanusa, tutakula kwa Ines, tutakuaga. Na nitarudi hapa kwa geti la mbele kabla tulipu za baba yako hazijafunguka, mwakani na kila mwaka nitakaokuwa na miguu, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuziuliza kama zimetubu."